Embe si embe tu: somo kutoka mizabibu ya Ureno

Jumamosi moja nilisimama mbele ya mama anayeuza matunda karibu na soko kuu la hapa Eldoret. Nikamuuliza, "Mama, hizi ni embe gani?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa maji ni ya aina gani. "Ni embe tu. Tamu. Nne kwa mia."

"Zimetoka wapi?"

"Kerio."

Nikalipa mia yangu. Nyumbani nikayaosha nikayatazama vizuri. Yalikuwa ya mviringo, ganda la manjano lenye wekundu kidogo upande uliopigwa na jua. Kwetu Malindi mtoto wa darasa la pili angekwambia bila kufikiri kwamba hiyo ni apple. Na vitabu vya kilimo vya Kenya vinaeleza kuwa aina hiyo asili yake ni Pwani, pande hizo hizo za Malindi. Imesafiri mpaka Bonde la Kerio, ikapandishwa mlima kuja Eldoret, na kwenye safari hiyo imepoteza jina lake na kwao.

Jambo hilo lingepita kama si simu ya kakangu wiki hiyo hiyo. Shamba letu la urithi, nje kidogo ya Malindi, lina miembe ya zamani: ngowe mmoja aliopanda babu, boribo miwili, na dodo kadhaa.

"Sikiza, ndugu yangu," akaniambia. "Dalali anunua kwa gunia. Ngowe, boribo, dodo, yote bei moja, na bei yenyewe ni ya kutupa. Miti hii mikubwa yanila nafasi bure. Nataka kuikata nijenge vyumba vya kukodisha. Wewe wasemaje?"

Nikamwomba wiki mbili. Sikuwa na jibu. Mimi nina stashahada ya biashara, si mkulima, na ni miaka mingi naishi huku kwenye baridi ambako mwembe haukui. Jibu lilikuja kutoka mahali ambapo sikutazamia: kwenye daftari la kijana jirani yangu, na habari zenyewe zilikuwa za mvinyo.

Daftari la jirani

Niseme mapema nisije nikaulizwa: mimi ni Mwislamu, pombe sijaigusa wala sitarajii kuigusa, na makala haya hayamwalika mtu kunywa. Lakini kujua kitu si kukinywa. Mzabibu ni mti uliotajwa mara kadhaa ndani ya Qur'ani, na mkulima wa zabibu ni mkulima kama mwingine. Ninachokitaka hapa ni habari ya mti na jina lake.

Kijana huyo anasomea kazi ya hoteli. Ijumaa usiku alibisha hodi. "Ustadh, nisaidie. Nina mtihani Jumatatu. Shika hili daftari uniulize maswali." Mada ilikuwa mvinyo wa Ureno. Basi nikakaa kwenye kiti changu na chai ya tangawizi, nikimuuliza mtoto wa watu majina ya zabibu asiyoweza kuyatamka, na mimi pia siwezi. Tulipomaliza, yeye alikwenda kulala. Mimi nikabaki na swali. Nchi ndogo kama Ureno imewezaje kuwa na aina zaidi ya 250 za zabibu zake za asili, kila moja ikijulikana kwa jina na kwao, ilhali sisi tunashindwa kutaja aina tano za embe?

Nikaanza kusoma. Haya ndiyo niliyoyakusanya.

Maneno waliyotuachia

Sisi watu wa Pwani si wageni wa habari hizi. Vasco da Gama alifika Malindi mwezi wa Aprili 1498. Mwaka 1593 Wareno wakaanza kujenga Fort Jesus pale Mombasa, na mwaka 1698 Waomani wakaichukua. Wareno wakaenda zao, maneno yao yakabaki vinywani mwetu. Mvinyo ni neno lao, vinho. Meza, bendera na leso pia ni yao. Pipa pia ni neno lao: kwao ni kasiki la mbao la kuwekea mvinyo, na mpaka leo pipa moja la mvinyo wa Porto huhesabiwa kuwa kiasi cha lita 550. Kopo limetokana na copo, yaani bilauri. Hata mkanju, mti ambao bila huo Kilifi isingekuwa Kilifi, waliutoa Brazil wakauleta huku, pamoja na jina lake.

Nao pia waliachiwa maneno. Sehemu ya kusini kabisa ya Ureno inaitwa Algarve, na jina hilo ni la Kiarabu, al-Gharb, maana yake magharibi. Waislamu walitawala huko kwa karne kadhaa hadi 1249. Na sisi neno zabibu tumelitoa kwa Waarabu hao hao, ingawa kwao zabibu ni ile iliyokaushwa.

Kila mkoa na zabibu yake

Tuanze juu, kaskazini magharibi, katika nchi ya Minho. Huko mvua ni nyingi na ardhi ni ya mawe ya granaiti. Mvinyo wake unaitwa Vinho Verde. Verde ni kijani, lakini hapa halisemi rangi. Linasema mvinyo mchanga, wa kunywewa mapema. Zabibu yake mashuhuri ni Alvarinho, inayostawi zaidi Monção na Melgaço, kando ya mto unaotenganisha Ureno na Uhispania. Nyingine ni Loureiro. Zamani wakulima wa huko waliipandisha mizabibu juu kwenye miti na vichanja pembezoni mwa shamba, chini wakapanda mahindi na mboga. Mtu wa Pwani aliyezoea kupanda muhogo chini ya minazi atawaelewa mara moja.

Ukishuka kidogo na kuingia bara, unafika bonde la mto Douro. Hapa ndipo penye mvinyo unaoitwa Porto. Ni bonde lenye joto kali na miteremko mikali, na ardhi yake ni miamba ya vibamba vilivyopangana kama kurasa za kitabu. Mizizi hupenya kati ya vibamba hivyo kutafuta maji. Watu walichonga matuta mlimani kwa mikono, kizazi baada ya kizazi, mpaka UNESCO ikaitia sehemu hiyo katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Zabibu zake ni Touriga Nacional, Touriga Franca, Tinta Roriz, Tinta Barroca na Tinto Cão. Mvinyo wa Porto hutengenezwa kwa kutiwa pombe kali ya zabibu kabla haujamaliza kuchachuka. Kuchachuka hukoma, na utamu wa zabibu hubaki ndani. Zamani mapipa yaliteremshwa mtoni kwa mashua za tanga moja, zilizoitwa rabelo, hadi kwenye maghala ya Vila Nova de Gaia, ng'ambo ya mji wa Porto.

Kusini ya Douro kuna Dão, nchi iliyozungukwa na milima. Zabibu yake nyeupe ya fahari inaitwa Encruzado. Magharibi yake, kuelekea bahari ya Atlantiki, kuna Bairrada yenye udongo mfinyanzi na chokaa. Huko inatawala zabibu nyekundu moja inayoitwa Baga. Ni kali, inachelewa kuiva, na mvua ikiwahi kabla ya mavuno huweza kuiozesha yote. Wakulima wake hawajaiacha.

Karibu na Lisbon, ufukweni, kuna mahali padogo panaitwa Colares. Huko zabibu iitwayo Ramisco hupandwa mchangani. Mkulima huchimba mchanga mpaka aufikie udongo mfinyanzi ulio chini, anapanda humo, kisha mchanga hurudishwa kidogo kidogo. Mkumbuke mchanga huo, nitaurudia.

Ng'ambo ya mto Tejo kuna tambarare za joto za Alentejo. Hii ndiyo nchi ya mialoni inayotoa magome ya kutengenezea vizibo vya chupa, na Ureno hutoa kama nusu ya vizibo vya aina hiyo duniani. Zabibu zake ni Antão Vaz kwa nyeupe, Trincadeira na Aragonez kwa nyekundu. Vijijini bado wapo wanaochachua mvinyo ndani ya mitungi mikubwa ya udongo, desturi iliyotoka enzi za Warumi, na kwa mila mitungi hiyo hufunguliwa tarehe 11 Novemba.

Mwisho kuna kisiwa cha Madeira, mbali ndani ya Atlantiki. Mvinyo wake ulipelekwa melini ukapita nchi za joto, na wafanyabiashara wakagundua kwamba joto la safari, ambalo lingeharibu mvinyo mwingine, huu liliuboresha. Tangu hapo huupasha joto makusudi. Zabibu zake nne nyeupe zimekuwa kama ngazi ya utamu: Sercial ndiyo kavu kabisa, kisha Verdelho, kisha Boal, na Malvasia ndiyo tamu kuliko zote.

Majina yaliyotungwa na wakulima

Kitu kilichonichekesha usiku ule ni majina yenyewe. Hayakutungwa na mabwana wa ofisini. Yametungwa shambani. Sercial ina jina la pili, Esgana Cão, maana yake mnyonga mbwa, kwa jinsi ilivyo kali. Tinto Cão ni mbwa mwekundu. Rabo de Ovelha ni mkia wa kondoo. Iko inayoitwa Borrado das Moscas, yaani uchafu wa nzi, kwa sababu ya vidoa vyake.

Zabibu moja huweza kuwa na jina hili huku na jina lile kule. Tinta Roriz ya Douro ndiyo Aragonez ya Alentejo. Fernão Pires, ambalo ni jina la mwanamume, ukifika Bairrada amegeuka mwanamke, anaitwa Maria Gomes.

Kwetu ni vivyo hivyo. Aliyeiita ndizi mkono wa tembo hakuwa profesa. Aliyeiita nyingine kisukari alikuwa ameionja. Tofauti ni kwamba Wareno waliyachukua majina hayo ya shambani wakayaandika, wakayawekea mipaka na sheria.

Jinsi jina lilivyowekewa ua

Mipaka hiyo haikuja kwa mapenzi. Ilikuja kwa wizi.

Mwaka 1703 Ureno na Uingereza zilitia saini mkataba wa Methuen, ambao ulipunguza ushuru wa mvinyo wa Ureno kule Uingereza. Biashara ikapanda. Ilipopanda, wajanja wakaingia. Mvinyo hafifu kutoka sehemu nyingine ukaitwa wa Douro. Wengine wakaukoleza rangi kwa matunda meusi ya mti mwingine kabisa, wakatia sukari. Wanunuzi wakagundua, imani ikaondoka, na kufikia miaka ya 1750 bei ikaanguka. Aliyeumia zaidi ni mkulima wa kweli, ambaye bidhaa yake safi ilibeba lawama ya ile chafu.

Waziri mkuu wa mfalme, ambaye historia inamjua kama Marquês de Pombal, akachukua hatua. Tarehe 10 Septemba 1756 iliundwa kampuni ya kusimamia mvinyo wa Douro. Bonde likapimwa, na nguzo za mawe ya granaiti zikasimikwa kuonyesha mwisho wa eneo. Nyingine zimesimama mpaka leo. Ile miti ya matunda meusi ikaamriwa ing'olewe. Douro ikawa moja ya sehemu za kwanza duniani kuwekewa mipaka na sheria kwa ajili ya mvinyo.

Lakini tusiisimulie hadithi hii kana kwamba yote ilikuwa kheri. Kampuni ile ilipewa mamlaka makubwa mno, ikawabana wauzaji wadogo. Mwaka 1757 watu wa mji wa Porto waliandamana kuipinga, na serikali ikawazima kwa kuwanyonga baadhi yao. Nalisema hili kwa sababu na sisi tunavijua vyama na bodi zilizoanzishwa kumlinda mkulima zikaishia kumla. Kumiliki jina ni nguvu, na nguvu hiyo lazima ijulikane iko mkononi mwa nani.

Siku hizi iko taasisi ya serikali inayoukagua mvinyo wa Porto kwa maabara na kwa kuonja, na chupa haitoki bila kibandiko chake. Mikoa mingine pia imewekewa mipaka yake, na ndani ya kila mmoja imeandikwa ni zabibu zipi zinazoruhusiwa. Atakayepanda nyingine hakatazwi kuuza, anakatazwa kutumia jina la mkoa.

Zabibu iliyokaribia kusahaulika

Sasa nirudi kwenye mchanga wa Colares.

Katika miaka ya 1860 mdudu mdogo kutoka Marekani, anayeitwa filoksera, aliingia Ulaya. Anakula mizizi ya mzabibu mpaka mti ufe. Mashamba mazima yaliteketea, Ufaransa, Uhispania na Ureno. Colares ilinusurika, kwa sababu mdudu huyo hawezi kuishi mchangani. Kwingineko dawa iliyopatikana ni kupandikiza: shina la chini likawa la mzabibu wa Kimarekani, uliozoeana na mdudu, na juu yake kikaunganishwa kikonyo cha mzabibu wa asili.

Hapo ndipo hatari ya pili ilipozaliwa. Mkulima aliyepoteza kila kitu anapanda upya akiwa na njaa. Anachagua aina inayozaa sana. Touriga Nacional huzaa vishada vidogo, punje ndogo, mavuno machache. Wengi wakaiacha. Zabibu ambayo leo Wareno wanaitaja kama bora kuliko zote zao ilikaribia kuwa hadithi ya wazee.

Iliokolewa na watu waliokaa chini wakaandika. Mashamba ya zamani ya Douro yalipandwa mchanganyiko, aina ishirini au thelathini katika kipande kimoja, na mara nyingi mwenye shamba hakujua ipi ni ipi. José Ramos Pinto Rosas na mpwawe João Nicolau de Almeida walizichunguza, kila moja peke yake, na mwaka 1981 wakatoa matokeo wakipendekeza aina tano. Touriga Nacional ilikuwa mojawapo. Ikarudishwa mashambani, na leo inapandwa mpaka nje ya Ureno. Mwaka 2009 ikaundwa jumuiya iitwayo PORVID, ambayo kazi yake ni kukusanya na kuhifadhi aina za mizabibu ya nchi nzima zisipotee.

Na Colares? Mdudu aliushindwa mchanga, lakini Lisbon ilipopanuka, viwanja vya nyumba viliula. Mashamba yaliyobaki ni machache. Niliposoma hilo nikamkumbuka kakangu na vyumba vyake vya kukodisha.

Jirani zetu wa Dodoma

Usije ukafikiri zabibu ni za Wazungu tu. Hapa Tanzania, Dodoma, nchi kavu ya katikati, mizabibu ilipelekwa na wamisionari wa Kikatoliki ikakubali. Kule Ureno mkulima huvuna mara moja kwa mwaka. Dodoma, kwa kuwa hakuna baridi ya kuulaza mti, huvuna mara mbili. Aina nyingi zilizopandwa ni za kigeni, kama Chenin Blanc na Syrah, lakini iko moja iliyobeba jina la mahali: Makutupora, penye kituo cha utafiti wa zabibu. Kilio cha wakulima wake tunakijua sisi wa maembe. Msimu ukifika na mnunuzi asifike, tunda linaozea shambani, kwa sababu halingoji mtu.

Tofauti ni kwamba ukitaja zabibu popote Tanzania, mtu atakujibu Dodoma. Huo ni mwanzo. Jina limeshapata mahali.

Turudi kwa miembe yetu

Ni nini basi tulicho nacho? Ngowe ni embe refu lenye mdomo uliopinda kama ndoano, likiiva linageuka manjano ya kuvutia, na nyama yake karibu haina nyuzi. Boribo ni refu na zito, nyama yake ni ya rangi ya chungwa. Iko dodo, iko batawi, na iko apple, ambayo imesambaa nchi nzima. Baadaye zikaja aina zilizotoka Florida, Marekani: Kent, Tommy Atkins, Van Dyke. Nazo zina sifa zao. Tommy Atkins ina ganda gumu, inastahimili safari na hukaa dukani muda mrefu. Sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni pale gunia linapozifanya zote kitu kimoja.

Maana dalali anaponunua kwa gunia, hana sababu ya kulipa zaidi kwa ngowe. Mkulima hana sababu ya kuitunza. Mti ukizeeka haupandwi mwingine. Hakuna aliyeamua kuiua ngowe, lakini inakufa. Ndivyo Touriga Nacional ilivyokuwa ikifa.

Nimejifunza kwa Wareno mambo matatu. La kwanza ni kuandika. Mti usioandikwa jina hufa pamoja na mzee anayeujua. La pili ni kupandikiza. Kokwa la embe haliaminiki, laweza kukupa mti tofauti na mama yake, lakini kikonyo kilichounganishwa kitakupa ngowe ile ile. Kituo cha utafiti cha KALRO kipo Mtwapa, si Ulaya, na wenye vitalu vya miche Pwani wanaijua kazi hiyo.

La tatu ni kulinda jina kwa sheria na kwa uaminifu. Sheria ya alama za biashara ya Kenya inaruhusu kikundi kuandikisha alama ya pamoja, na vikapu vya Wataita, watu wa Pwani wenzetu, vimeipitia njia hiyo. Lakini alama haina maana kama sisi wenyewe ndio tunaochuma maembe machanga, tunayavundika kwa haraka, kisha tunayaita ya Malindi. Huko ndiko kukoleza mvinyo rangi. Mnunuzi wa Eldoret akishaumwa mara moja na embe chungu, hatakumbuka dalali, atakumbuka Malindi.

Nilichomwambia kakangu

Wiki mbili zilipoisha nikampigia, nikamwambia haya yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka. "Sasa wewe watuletea habari za walevi."

"Nakuletea habari za wakulima," nikamwambia.

"Na jina lalipa karo?"

Sikumdanganya. Nikamwambia halijaanza kulipa, na huenda likachukua miaka. Wareno walipata faida baada ya vizazi. Tukabishana kama ndugu wanavyobishana. Mwisho tukakubaliana hivi: boribo mmoja ambao shina lake limeoza utakatwa, na hapo atajenga vyumba viwili. Ngowe ya babu haitaguswa kwa misimu miwili, na kabla ya hapo fundi wa miche ataitwa achukue vikonyo. Mamangu, ambaye ndiye pekee anayeijua miti yote, amekaa na mjukuu wake wakaandika kwenye daftari la shule kila mti uko wapi, unaitwaje na ulipandwa na nani. Kurasa mbili tu, lakini kabla ya hapo hapakuwa na hata moja.

Kwa hivyo nawaomba wasomaji wenzangu wenye mashamba ya urithi, kuanzia Lamu hadi Vanga: kabla ya panga, kaeni na wazee wenu na kalamu. Kukata ni kazi ya asubuhi moja.

Msimu ulipofika, kakangu alinitumia katoni ya ngowe kwa basi. Mengine nikawagawia jirani, pamoja na yule kijana wa hoteli, ambaye mtihani wake aliupita. Sita nikampelekea mama wa sokoni. Akalishika moja, akaligeuza, akaupapasa ule mdomo uliopinda.

"Hizi ni embe gani?" akauliza.

Nikamwambia. Akalirudia jina mara mbili ili alishike, kisha akaniuliza bei.